Lita Zilezile, Karatasi Mbili

Wifi yangu aliingia katika chumba changu cha kupimia pumzi bila hodi, akabwaga karatasi mbili mezani, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kana kwamba ofisi ni yake.

“Soma,” akasema, halafu akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Nilijua kilichomleta. Huyu ni dada wa mume wangu, na huu ni mwaka wa kumi na nne anachekecha unga kiwandani. Kiwanda kina sheria moja nzuri: pumzi yako ikipimwa ikawa chini ya asilimia themanini ya inayotarajiwa kwa mtu kama wewe, unatolewa kwenye vumbi unapelekwa mauzo, mshahara uleule. Mwezi uliopita nilimpima mwenyewe. Mashine ikasema themanini na tatu. Na mimi, kwa mdomo huuhuu, Jumapili mezani kwa mama mkwe, nikatangaza: “Mapafu yake mazima. Anachoumwa ni uvivu.”

Karatasi ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya rafiki yake wa kike, aliyesimama mlangoni akitabasamu kwa aibu. Kiwandani wanamwita Chaki kwa weupe wake. Babu zake walitoka ng'ambo. Yeye na wifi walianza kazi siku moja, kwenye chekeche moja. Chaki alikwisha kuhamishiwa mauzo.

“Umri?” wifi akaanza kunihoji.

“Arobaini na nne. Wote.”

“Urefu?”

“Mmelingana.”

“Na lita tulizopuliza?”

Nikasoma yake: moja nukta tisa tano. Nikasoma ya Chaki: moja nukta tisa tano.

“Basi mbona yeye sabini na moja, mimi themanini na tatu? Wewe ndiye mwenye diploma. Nifafanulie.”

Jibu nilikuwa nalibonyeza kila siku. Kabla mtu hajapuliza, mashine huuliza asili yake. Ukijaza kwamba ni mweusi, inapunguza matarajio. Inachukulia kwamba mapafu yake ni madogo tangu kuumbwa, kwa hiyo pumzi haba kwake ni afya. Pumzi ileile kwa Chaki ni ugonjwa.

“Na nani aliyeiambia mashine sisi ni akina nani?”

“Mimi. Niliwatazama, nikabonyeza.”

“Ungetukuta tumetoka zamu, unga mpaka kwenye kope, ungebonyeza nini?”

Chaki alicheka akashikilia mlango. Mimi nilicheka baadaye, nyumbani.

Maana kulikuwa na jambo jingine. Wiki tatu kabla, daktari mkuu alinipa waraka: swali la asili liondolewe, watu wote wapimwe kwa kigezo kimoja. Nikauweka chini ya boksi la mirija ya kupulizia, nikisubiri nipate nafasi. Mwanangu akiacha soksi sebuleni dakika tano, nyumba inatetemeka. Mimi nimelalia mapafu ya watu wiki tatu.

Nikauvuta waraka, nikawasha mashine.

“Subiri, dada,” Chaki akasema. “Ukibadilisha, na yangu itabadilika?”

“Itapanda. Yako inapanda, yake inashuka.”

“Ikivuka themanini?”

Wifi alinyanyuka, akaanza kukusanya karatasi zake. “Basi acha. Sikuja hapa kumrudisha mwenzangu kwenye vumbi.”

“Kaa chini wewe!” Chaki akamkandamiza bega. “Mwaka mzima ulikuwa ukinikoholea kisogoni, leo ndiyo unajifanya mtakatifu? Bonyeza, dada. Nikirudi, chekeche nalijua.”

Nikafuta swali la asili. Nikaingiza umri, urefu na lita za wifi. Mashine ikafikiri, kama inavyofikiri kila siku ninapokuwa na haraka.

Sabini na saba.

Nikaingiza za Chaki. Tulikuwa tumeinamia kioo vichwa vitatu, hakuna anayepumua, katika chumba cha kupimia pumzi.

Sabini na saba.

Wifi alipiga kigelegele kilichomleta daktari mkuu mbio, akidhani mtu amezimia. Alikuta mwanamke anacheza kwa sababu ameambiwa ni mgonjwa. Alisoma karatasi zote nne, akazitia sahihi zile mbili mpya, kisha akaniuliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko karipio, ni wangapi wengine wa kiwandani niliwapima kwa njia ile.

“Thelathini na mmoja,” nikasema. “Kesho asubuhi naanza kuwapigia simu.”

“Leo,” wifi akasema.

Nikaanza leo.

Lakini yeye hasamehi nusu nusu. Mlangoni aligeuka. “Uvivu ulinitangazia Jumapili mezani. Utaufutia palepale.”

Jumapili nikasimama, kijiko mkononi, shemeji na watoto wote wakinitazama. “Nilisema wifi ni mvivu. Nilikosea. Mapafu yake yanaumwa, na mimi ndiye niliyechelewa kuliona.”

Mama mkwe akaendelea kupakua.

“Kaa ule, mwanangu,” akasema. “Kwani ulidhani tulikusikiliza?”

Wifi alicheka kuliko wote, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Safari hii niliwahi kuinuka, nikamletea maji.