Samaki wa Apondi Hawako Masimba

Watu huniambia nisamehe. Sisamehi ng'o. Bitutu alinifukuza Masimba kama anayefukuza kuku jikoni, halafu akabaki na jina langu.

Nilikuwa nimepanga chumba chake karibu na stendi, nikikaanga samaki. Mimi ni mtu wa kando ya ziwa, kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Mwanzoni watu wa Masimba walipita wakiziba pua, baadaye wakawa wanasimama mlangoni wakingoja meza. Bitutu akaona, roho ikamuuma. Akaniambia anakitaka chumba chake, mwanawe anarudi kutoka Nairobi. Mwana gani? Nilipotoa tu sufuria zangu, akaleta mpishi wake. Ule ubao wa "Apondi Samaki" akakataa nisiubandue, eti umepigiliwa kwenye ukuta wake, kwa hivyo ni wake. Yawa! Jina nililopewa na nyanya yangu liwe mali ya ukuta wa Bitutu!

Nikahamia Kiogoro, nikaanza upya. Lakini wageni wakitafuta samaki kwenye simu, waliambiwa Apondi Samaki iko Masimba, na picha za samaki wangu zinang'aa hapo juu. Wakaenda kwa Bitutu, wakalishwa samaki mweusi nje na mbichi ndani, wakatoka wakisema Apondi siku hizi hajui kupika. Hilo ndilo lililonikata maini. Chumba achukue, lakini aniharibie jina nikiwa hai?

Nilimwendea Valentine, mwenye saiba, duka la intaneti hapa Kiogoro, ambaye ndiye aliyenitengenezea ukurasa wa hoteli mtandaoni nilipokuwa Masimba. Akafuta Masimba, akaandika Kiogoro, mimi nikiangalia. Nikatafuta kwa simu yangu palepale. Masimba!

"Valentine, unanichezea?"

"Pole, Mama Dancun. Ukurasa nimeurekebisha. Lakini ukitafuta kitu, mtandao hautoki mbio kwenda kuuangalia ukurasa saa hiyo. Unakuonyesha nakala uliyojiwekea ulipopita mara ya mwisho. Kurasa za magazeti unazipitia kila mara. Wako ni mdogo, unangoja zamu. Nimeuomba upite mapema, lakini kuulazimisha siwezi."

"Kwa hivyo watu wanaonyeshwa mambo ya jana?"

"Ya jana, hata ya mwezi uliopita. Shukuru namba ya simu ni ileile yako."

Nilirudi jikoni nimefura. Siku hiyo hata paka hakunikaribia.

Jumapili moja simu ikalia. Sauti ya mzee, taratibu. "Hapo ni kwa Apondi Samaki?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi ni Nyamongo, wa Ekerenyo. Tumekuja posa ya Sharon. Mama yake alituambia hoteli yake tuitafute kwenye simu, jina ni hilo. Tumefika Kisii mjini. Tuelekee wapi?"

Sharon ni binti wa Bitutu. Yaani mama huyu amejigamba kwa wakwe kwa picha zangu! Ningeweza kumwambia mzee amekosea. Nani, mimi?

"Hoteli ya Apondi iko Kiogoro, baba. Njooni, ni hapo tu."

Nionyesheni uongo uko wapi hapo.

Wakaja, wazee kwa kina mama, wamevaa vizuri. Nyamongo, Msabato kamili asiyekula samaki wasio na magamba, akauliza kama wangu wanayo. Nikamwambia wote wana magamba. Nikawakaangia ngege, nikawawekea ugali wa wimbi na mboga. Kila mtu huku anajua kwamba mgeni wa posa asipokula chakula cha mama wa msichana, ameikataa nyumba. Nilijua vizuri sana. Ndiyo maana kila sahani ilipopungua, niliongeza.

"Mama Sharon, umetupokea," Nyamongo akasema, akinawa mikono.

"Mimi si Mama Sharon, baba. Mimi ni Apondi. Mama Sharon ni Bitutu, anawangoja Masimba. Alinifukuza huko, jina langu akabaki nalo."

Mzee alinitazama, akachukua kofia yake. Wakaondoka kuelekea Masimba.

Baadaye akapiga tena. Nyuma yake nilisikia watu wengi na vyombo.

"Mama, tumeandaliwa chakula hapa na hatuna pa kukiweka. Ukutani kuna jina lako, na mwenyeji wetu anasema ulikuwa mpishi wake tu. Siwezi kumwolea mwanangu katika nyumba inayotumia jina la mwingine. Simu nimeweka sauti ya juu. Ongeeni."

"Apondi, dada yangu," Bitutu akaanza, "waambie wazee..."

Dada! Siku ya kunifukuza nilikuwa "huyo mtu wa ziwani".

"Waambie wewe. Hoteli ya Apondi iko wapi?"

Nikamsikia Sharon akilia, "Mama, sema tu." Nilimwonea huruma msichana. Kidogo.

"Iko Kiogoro," Bitutu akasema.

"Na samaki wa kwenye picha?"

"Ni wako."

Wateja wangu walikuwa wameacha kula, wananitazama, hakuna aliyefungua mdomo. Nikamwambia Bitutu huku kuna kelele nyingi, sijasikia vizuri, arudie.

Akarudia.