Ombi la Gichiaro

Nyanya yangu Karwirwa, ambaye sisi humwita Cucu, ana miaka tisini na ushee, meno manne, na kiburi cha kutosha tarafa nzima. Nampenda hivyo hivyo. Wakati wa Mau Mau alikuwa akipeleka risasi msituni, kule Mlima Kenya, amezificha kwenye kiondo chini ya ndizi mbichi, na akikutana na askari wa wakoloni njiani anawasalimia yeye kwanza. Hebu nionyesheni mwanamume wa leo mwenye moyo kama huo.

Mumewe, Kathuri, alipigana mara mbili. Kwanza aliwapigania Waingereza huko Burma. Vita vilipokwisha, wazungu waliokuwa wanajeshi kama yeye wakagawiwa mashamba katika nchi hii. Yeye akarudi na koti la jeshi tu. Basi akaingia msituni kupigana na hao hao. Alipotoka, tumeshapata Uhuru, alikuta shamba lake limepimwa na kuandikishwa kwa jina la Riungu, aliyekuwa homugadi, mgambo wa wakoloni. Akaambiwa asahau yaliyopita. Kusahau ni rahisi ukiwa umekalia shamba la mwenzako! Kathuri alikufa akiwa mpangaji hapa Majengo, mjini Meru, na mimi na Cucu bado tunakaa chumba hicho hicho.

Mwaka huu nilimshikilia Cucu mpaka akakubali tupeleke kesi kwa wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru. Shahidi tulikuwa naye, mzee Kaimenyi, aliyechunga ng'ombe wa Kathuri kabla hajaingia msituni. Nilishaanza kujiona napanda viazi kwenye udongo wetu wenyewe.

Siku moja kabla ya kesi, Murungi akaja. Huyu ni mjukuu wa Riungu, na ndiye analima shamba lile sasa. Alivua kofia, akaweka kibuyu cha asali mlangoni, akapiga magoti. Nilielewa mara moja kilichomleta.

Ukoo wao na wetu ni gichiaro. Mababu walikula kiapo cha undugu, na tangu hapo gichiaro wako akikuomba kitu, humnyimi. Ukimnyima, laana ni yako na ya watoto wako. Hata wanaoenda kanisani kila Jumapili hawachezi na jambo hilo. Sisi pia tungeweza kuwaomba shamba kwa njia hiyo miaka yote, lakini Cucu alikataa katakata. Mtu haendi kuomba kitu chake, alisema.

"Cucu, nimekuja kama gichiaro," Murungi alisema. "Naomba uwache hiyo kesi."

"Toka hapa!" nilifoka. "Mwizi wewe, na babu yako!"

"Gatwiri, nyamaza." Cucu hakuniangalia hata. "Murungi, kesi nilishapatia wazee. Si yangu tena. Omba kitu ambacho ni changu."

Murungi alitazama asali, akatazama mlango.

"Basi... naomba hilo shamba."

"Shamba gani?"

"Lile tunalima."

"La nani?"

Nje, mwenye bucha ya jirani alikuwa ameacha kukata nyama, na wateja wake wamegeuka kutusikiliza.

"La Kathuri," Murungi alisema polepole.

"Masikio yangu ni ya zamani. Sema kwa nguvu."

"Naomba shamba la Kathuri! Riungu alilichukua wakati Kathuri alikuwa msituni. Sisi wote tunajua. Baba alijua. Naomba unipatie, Cucu, watoto wangu hawana kwingine."

Cucu alinyoosha mkono, akaushika wa Murungi.

"Nimekupa," alisema. "Kesho utasimama mbele ya wazee, uwaambie vile umeniambia, na ni nani amekupa."

Nililia mbele ya mtu yule bila aibu, kwa hasira. Viazi vyangu, udongo wetu, vyote vimekwenda kwa neno moja!

"Cucu, sasa sisi tumebaki na nini?"

"Kathuri alipigania shamba lake mpaka akafa, na hakuna mtu aliwahi kumwambia lilikuwa lake," alinijibu. "Leo wamemwambia. Mwinue huyu kijana, umpe kiti."

Nilifuta macho, nikamwinua Murungi. Kisha nikampa kiti.