Dakika Tisini za Bwana Trent

Marva Kucera alikuwa na jambo moja tu alilolifuata Las Vegas, nalo lilikuwa saa tisa alasiri. Mengine yote, mataa yasiyozimwa hata jua likiwa utosini, mashine za kamari zinazolia tangu uwanja wa ndege, wanawake waliovaa manyoya na si kingine, aliyapita bila kugeuza shingo. Saa tisa, katika kikanisa cheupe kilichobanwa kati ya hoteli na duka la rehani, yeye na mumewe Verlyn wangesimama mbele ya mchungaji wale kiapo upya. Miaka thelathini na tano ya ndoa! Mara ya kwanza waliozeshwa na karani wa serikali huko kwao Nebraska, Jumanne moja ambayo mvua ilikatiza mavuno, na bwana harusi alikuwa na matope magotini. Siku ile Verlyn alisema "ndiyo". Tangu hapo hakuongeza mengi.

Safari hii Marva alimpa sharti: aseme ya moyoni mwake, kwa kinywa chake, bila karatasi. Verlyn alijikuna shingo wiki sita nzima, kisha akakubali.

Sasa sikia balaa lilivyoanza. Asubuhi, wakitoka kunywa kahawa, mwanamke mwenye kitambulisho shingoni aliwasimamisha njiani akawauliza kama wangependa tiketi mbili za bure za kwenda kumwona mfanya mazingaombwe. Mwenyeji wa mji ule angepita kama kiziwi. Lakini kwa watu wa kwao akina Kucera, mtu akikusemesha unasimama, na akiendelea kusema unabaki. Huko kwao mgeni huaga saa nzima mlangoni, kofia mkononi, maana hakuna anayethubutu kumpa mwenzake mgongo neno likiwa bado mdomoni. Tiketi ni zenu, yule mwanamke akasema, mkisikiliza maelezo ya dakika tisini tu.

Dakika tisini! Waliketi kwenye ofisi moja ya hoteli saa nne asubuhi, na saa nane mchana bado walikuwa kwenye kiti kilekile.

Aliyewaketisha aliitwa Trent, mwanamume mwenye meno mengi na haya kidogo. Alikuwa akiuza likizo: unanunua wiki moja ya chumba cha hoteli kila mwaka mpaka ufe, na ukishakufa wanao wanaendelea kulipia. Hata wizi una adabu yake, Marva aliwaza, mwizi akishaiba huondoka. Alikataa saa tano na nusu. Trent akamleta mkubwa wake, akashusha bei. Alikataa tena saa saba. Mkubwa akamleta mkubwa wake, huyo naye akaanza kwa kuwauliza habari za nyumbani. Kila Marva aliposhika mkoba, Verlyn alimgusa kiwiko na kumnong'oneza, "Ngoja amalize."

Saa nane na nusu Trent alizisukuma karatasi pembeni, akamwinamia Verlyn.

"Bwana Verlyn, tuache bei. Wewe mwenyewe, maishani mwako, ulitaka nini?"

Na Verlyn akasema. Alisema tangu ana miaka tisa alitaka kuiona bahari, aliyoiona kwenye kalenda ya muuza mbegu, na mpaka leo hajaiona. Alisema baba yake alipofariki alilia ndani ya mashine ya kuvunia, mlango umefungwa, watu wakidhani anavuna. Akaitazama mikono yake. Halafu akasema anaogopa kuacha kulima, kwa sababu shamba likiondoka hajui atamwambia nini mkewe wakati wa kifungua kinywa.

Marva alihisi uso unamchoma. Miaka thelathini na tano amelala kando ya mtu huyu, akamzalia watoto watatu, akamkanda mgongo, na hakuwahi kusikia hata neno moja kati ya hayo. Leo anamimina yote kwa muuza vyumba mwenye manukato, bure, mbele yake, kana kwamba yeye ni kiti. Maneno yale yalikuwa yake. Ameyafuata mpaka jangwani, na huyu mwenye meno ameyala kwanza.

Akasimama. "Saa tisa kasoro robo, Verlyn. Twende."

Trent aliomba dakika moja tu, mkurugenzi yuko njiani.

"Marva," Verlyn akasema taratibu, "mwenzio anaongea."

"Na mimi miaka yote hii nilikuwa nabweka?"

Akaondoka peke yake. Huko kikanisani aliketi na ua lake mapajani, mchungaji akitazama saa kwa adabu, kisha bila adabu. Saa tisa na dakika ishirini zamu ikapewa wawili waliotoka kwenye meza ya kamari wakicheka, na Marva akatolewa nje, kwenye benchi la juani.

Verlyn alifika saa tisa na nusu, anahema, shati limemganda mgongoni. Akasema hakununua kitu. Amemkatalia Trent, amemkatalia na mkurugenzi.

"Baada ya kumaliza kusema," Marva akasema.

"Baada ya kumaliza."

Basi hasira zikamtoka. Alimwambia hana haya. Alimwambia amezeeka akimsubiri afungue kinywa, na alipokifungua akamfungulia tapeli. Habari za bahari, habari za marehemu baba mkwe, hofu yake ya kifungua kinywa, mke azisikie kwa kudokoa kama mtumishi anayepita na sinia? Kwa nini Trent? Ana nini yule ambacho yeye hana?

Verlyn alisubiri mpaka mkewe akamaliza.

"Yule aliniuliza," akasema.

 Marva alitafuta kichwani mwaka mmoja, asubuhi moja, alipomuuliza. Alikuta amemuuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Alikuta amemuuliza kama viatu vya watoto vimenunuliwa, kama trekta limepona, kama mvua itanyesha. Ndani wale wawili walikuwa wakila kiapo kwa sauti ya kilevi, na mchungaji akiwafuatisha neno kwa neno.

Akajisogeza kwenye benchi, bado amekasirika, wala hakuificha hasira yake.

"Haya, keti," alimwambia. "Unataka nini wewe?"