Ungo wa Mwalimu Winnie

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, husema watu. Mwalimu Luhende wa fizikia hakukonda, kitambi kilikuwa palepale, ila usingizi ulimkimbia.

Winnie alikuwa mwanafunzi wake kule Nansio. Leo ni mwalimu mwenzake hapa Nyegezi, ana miaka miwili tu kazini, na wanafunzi hawamwachi apumue. Sasa imekuja nafasi moja, moja tu, ya kwenda Afrika Kusini kuona darubini kubwa. Afisa elimu Nestory atasikiliza somo la kila mmoja, kisha achague. Luhende ameingoja safari hiyo miaka kumi na tisa. Apewe katoto haka? Thubutu.

Jumatatu alichungulia dirisha la maabara, akamwona Winnie akijizoeza somo lake. Alipepeta unga wa muhogo kwenye ungo hadi ukatandazika vizuri, katikati akaweka taa ndogo, ndiyo nyota changa. Kisha akazungusha karanga ndani ya unga, ikachimba mfereji.

“Sayari inapozaliwa hukusanya vumbi la njiani mwake,” alijisemea. “Yenyewe huenda tusiione, pengo lake tukaliona.”

Moyo ulimwuma Luhende. Kitu chepesi namna hiyo, na yeye hakukiwaza!

Jumatano afisa alipofika, Luhende akaomba aanze yeye, akaingia darasani na ungo wa mkewe. Kwao Usukumani mwanamume hapepeti, na mikono yake haikuijua kazi hiyo. Unga ukamrukia afisa kwenye suruali, watoto wakacheka. Hata hivyo mfereji ulichimbika.

Ndipo Maulida wa kidato cha tatu akaonyesha picha ya nyota changa, iliyopigwa kwa darubini na kubandikwa ukutani. “Mwalimu, mbona nje ya mfereji vumbi limerundikana? Kwa nini lisiingie ndani?”

“Hilo tutaliona baadaye,” akajibu Luhende.

Winnie alikuwa amekaa nyuma. Zamu yake ilipofika akasema somo lake lilikuwa hilohilo, hana jingine. Hakumtaja mtu. Afisa akakung’uta suruali, akaandika jina la Luhende.

Saa nane Luhende alitoka ofisini na barua ya safari mfukoni. Nje ya maabara wanafunzi walikuwa wamemzunguka Winnie.

“Vumbi huwa linaelekea kwenye nyota,” alikuwa akimweleza Maulida. “Sayari ikishachimba mfereji, gesi hujikusanya ukingoni, ikalizuia. Ndiyo maana linajazana nje.”

Luhende alisimama. Safari alikuwa nayo, na bado alimwonea wivu.

Winnie akamwona. “Karibu ukae, mwalimu,” akasema, akasogea kwenye benchi.

Akakaa. Huko aendako angeulizwa swali lilelile la Maulida.