Maneno Matamu Mia Nne

Mwaka 1999, kompyuta iliyopokea barua-pepe za ofisi yetu Likasi ilikwama. Fundi Évariste aligundua kwamba kichujio cha barua taka, nilichokipanga mimi, kilikuwa kimemaliza nguvu zake zote.

"Kabedi, liste yako ya kuzuia barua iko na maneno mia nne! Kila barua inapimwa kwa yote. 'Mpenzi', 'chéri', 'nakuota'... tangu lini hizi ni taka?"

"Tangu Carine aanze kumwandikia mume wangu."

"Futa, dada. Barua za watu wote zimefungwa."

Adolphe, mume wangu, aliyefanya kazi humo humo, alikuwa mlangoni akingoja barua zake. Nilifuta yote. Barua zikamiminika, kumi na sita zikiwa za Carine kwa Adolphe. Nikazichapa, nikamkabidhi.

"Soma hapa hapa," nikasema. "Kwa sauti."