Kona ya Mama Munene

Hata kabla kidonda cha upasuaji hakijakauka vizuri, Wachuka alijikokota hadi bustani ya kikundi pale Ruring'u kuiona kona yake ya mimea ya kienyeji. Hakuikuta. Palikuwa na udongo mweusi uliopigwa reki ukalainika, na miche ya sukuma wiki imesimama kwa mistari kama watoto wa shule.

Kona ile ya mimea ya kienyeji aliiomba mkutanoni mwaka mzima. Akachekwa, akaomba tena, mpaka Wamae, mwenyekiti wa kikundi, akachoka akampa pembe ya mwisho karibu na ua. Mimea yenyewe aliing'oa na mizizi yake huko Gakindu, kwenye shamba la marehemu mama yake, wiki ile ile kaka yake alipoliuza. Mnunuzi alileta tingatinga, akafyeka kila kitu. Ule mukenia wenye vitunda vya rangi ya zambarau walivyokula yeye na kaka yake utotoni hadi ndimi zikabadilika rangi, yale maigoya ya majani laini, ile thabai iwashayo ngozi, vyote vilikuwa vimebaki hapa tu. Hapakuwa na pengine pa kuvitafuta.

"Mama Munene! Umefika!" Jirani yake Kagure alikuja mbio akimwita kwa jina la mwanawe, Wamae na wengine wakifuata na chupa za chai. "Umeona? Tulikufanyia ngwatio!"

Nyeri hakuna asiyeijua ngwatio: mtu akiugua, wenzake huingia shambani mwake wakamlimia, na kazi yake yeye ni kushukuru. Hakuna anayenunia ngwatio.

"Hiyo msitu ilikuwa imekushinda juu ya ugonjwa," Kagure akaendelea. "Tukasema ataaibika, watu wa kanisa wakipita hapa watasema nini? Ona vile thabai imenichoma!" Akanyoosha kwa fahari mkono uliovimba vipele hadi kwenye kiwiko.

"Na ile mlitoa, mliweka wapi?"

"Mbuzi yangu ilimaliza. Haikuacha hata jani."

Kilichomuuma Wachuka zaidi ni kwamba waliijua mimea ile. Kila mmoja pale angeutaja mukenia kwa jina. Lakini kwao ulikuwa kitu cha kando ya njia, kinachoota chenyewe. Haikuwaingia akilini kwamba mtu mwenye akili zake angeuchimbia shimo na kuumwagilia maji. Walidhani ni magugu, na kwamba yeye hajapanda bado. Hasira ilimpanda, na hapakuwa na wa kumtolea. Angemfokea vipi mwanamke aliyevimba mkono kwa ajili yake?

"Tuombee basi, tukunywe chai," Wamae akasema.

Wachuka akainamisha kichwa. Akamshukuru Mungu kwa uzima, akamshukuru kwa wenzake. Katikati ya sala akafumbua macho, na pale chini, kati ya miche miwili ya sukuma, akaona chipukizi. Mukenia! Akaikatiza sala kwa amina, akaanza kupiga magoti huku ameshika tumbo.

"Usiiname, wewe ni mgonjwa," Kagure akamwahi. "Kumbe kuna moja ilituhepa!" Akaling'oa.

"Kagure, hiyo nilipanda mimi!" Sauti ilimtoka kali hata Wamae akamwaga chai. "Haikuwa msitu! Nilipanda zote, moja moja. Ni za mama yangu, na huko kwetu hakuna tena!"

Kagure akalitazama chipukizi mkononi mwake, kisha akamtazama Wachuka, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Ati ulipanda mukenia," akasema polepole. "Sasa si ungesema?"

"Nilisema mwaka mzima."

Kagure akachutama. Akafukua udongo kwa vidole vyake vilivyovimba, akalirudisha chipukizi pale pale na kulikandamizia udongo. Alipoliachilia, likalala. Akalisimamisha tena, na Wachuka hakumsaidia.