Jino la Msichana wa Kwenye Bango

Kila mwaka, Jumanne ya pili ya Agosti, Stanley Kosko, mhudumu wa chuo, alibeba ngazi, ndoo ya maji ya sabuni na makopo manne ya rangi, akaenda kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya maegesho ya chuo kuwapunguza watoto wa kwenye bango.

Bango lilisimamishwa miaka kumi iliyopita. Lilisema hapo patajengwa kituo cha kulelea watoto wa wanafunzi wasiojiweza, na kwamba kitafunguliwa Septemba. Mwaka haukutajwa. Chini ya maneno walichorwa watoto watano wakicheza, nao walikua kama watoto wote. Kila ilipofika mwezi wa nne mikono ya mashati ilikuwa imewapanda hadi kwenye viwiko. Kila Februari msichana wa kushoto aling'oka jino la mbele. Kosko alilikuta chini ya bango akizoa theluji, akaenda kulitia kwenye kikasha cha hereni za marehemu mkewe. Yalikuwamo kumi, yote jino lilelile.

Wakubwa wa chuo hawakuwa na neno na huko kukua. Walichotaka ni wafadhili wakija wasikute watoto wakubwa, wakaanza maswali.

Kosko aliwalaumu wakubwa tangu anaamka mpaka analala, kwa ajili ya Arlene. Mwaka bango liliposimama, mkewe alipata nafasi ya kusomea uuguzi hapohapo chuoni, na binti yao alikuwa na miaka mitatu. Kosko angeweza kuhamia zamu ya jioni, ashinde na mtoto mchana. Hakuhama, maana Alhamisi jioni alikuwa na timu yake ya mchezo wa kuviringisha tufe na kuangusha pini. "Subiri Septemba," alimwambia. "Si unaona wameandika?" Arlene alisubiri Septemba sita, kisha figo zikamchukua. Hilo la pini Kosko hakumwambia mtu.

"Babu, mwaka huu niache," msichana wa kwenye bango alisema alipoiona brashi. "Nimeshajua kusoma. Kibao cha maegesho nimekimaliza chote."

"Tulia nikupake jino."

"Utanisahaulisha tena."

"Siyo mimi. Ni wakubwa."

"Na brashi kashika nani?"

Kosko alichovya brashi.

Marisol Quiroz, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa akipita na mwanawe kiunoni. "Mzee Kosko! Hawa wako hawazeeki? Nipe na mimi hiyo dawa."

"Wanazeeka. Nawarudisha."

"Haya." Alimhamishia mtoto upande wa pili. "Jana nimetolewa darasani. Eti mtoto siyo daftari, nisije naye. Sasa niambie, wewe wa humu. Dada yangu nikimbana aache zamu ya asubuhi anishikie huyu, ataacha, ila nitasemwa mpaka Krismasi. Na nafasi yangu inafungwa Ijumaa. Nimbane, au nisubiri hiki kituo?"

Msimamizi alisimamisha kigari chake pembeni. "Kosko! Wageni saa tano, na huyo bado ana pengo!" Akamtazama Marisol. "Septemba, binti. Imeandikwa."

Akaondoka. Kosko alibaki juu ya ngazi na neno mdomoni. Mbane dada yako. Maneno matatu tu. Alibakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Msichana alifungua mdomo, akangoja.

"Subiri tu," Kosko alisema. "Si unaona wameandika."

Marisol alishukuru. Mwanawe aliwapungia mkono watoto wa kwenye bango, na wanne wakampungia.

Wageni walikuja saa tano, wakanywa kahawa, wakasema watoto wamependeza, wakaondoka.

Septemba nyasi zilikatwa. Marisol hakuonekana. Msichana alikuwa mdogo, mikono ya shati ikimfika vidoleni. Alimuuliza Kosko kibao cha maegesho kimeandikwa nini, naye akamsomea. Februari jino lilianguka kwenye theluji. Nyumbani kikasha cha hereni kilikuwa kimejaa. Kosko akatafuta kingine.